Ramadhani Niliyofunga Nikitokwa na Damu

Ilianza Jumatatu, wiki ya pili ya muhula wa kwanza, saa tano na dakika kumi asubuhi. Saa naikumbuka kwa sababu nilikuwa nimeikazia macho ile saa ya ukutani ya Kidato cha Pili, nikiomba kengele ilie kabla sijaitwa kusimama. Mwalimu wa Jiografia alikuwa anachora mistari ubaoni na mgongo wake ulikuwa kwetu. Nilihisi kitu kimefunguka ndani yangu, kama mtu amevuta kizibo, kisha joto likashuka mpaka kwenye kiti. Sikuwa mgeni wa hedhi. Nilikuwa nayo tangu darasa la saba, na kila mwezi tumbo lilinikunja mpaka nalala chali sakafuni kutafuta baridi ya simiti, lakini ilikuwa inakuja, inanitesa, inaondoka. Ya Jumatatu ile ilikuja na mabonge. Nilipofika chooni nikakuta kwenye pedi kitu kikubwa kama ini la kuku, cheusi, kinang'aa, na nikaamini kwamba kipande cha mwili wangu kimekatika. Sikupiga kelele. Nilikifunga na karatasi ya daftari, nikakitupa shimoni, nikasimama pale nimeshika mlango usio na komeo, nikingoja kufa.

Sasa niko na miaka kumi na tisa, na nayaandika haya kwa sababu wiki mbili zilizopita tulimzika Eeddo Shukri. Eeddo ndivyo sisi Wasomali wa Isiolo tunavyomwita dada ya baba, na huyu alikuwa mmoja tu, mrefu, mkali, asiyekaa mahali bila kuwapanga watu. Siku tatu za matanga wanawake walijaa sebuleni kwake hapa mtaa wa Wabera, wameketi juu ya magodoro, chai ya maziwa ya ngamia inazunguka, na mimi nikazunguka nayo kwa sababu anayebeba sinia haulizwi maswali. Mama mmoja akasema, "Mungu amrehemu, lakini Shukri alikuwa na kiburi. Mnakumbuka Ramadhani ile alivunja safu msikitini? Katikati ya sala, akakunja msala wake akaenda zake, hata salamu hakutoa." Mwingine akasema, "Labda mkojo ulimbana." Wakacheka kile kicheko cha matangani, kinachofunikwa na ncha ya mtandio. Nilisimama na sinia yangu ya tende, masikio yakiwaka. Sababu ya kuvunjwa kwa safu ile ilikuwa mimi. Nilirudi jikoni, nikaosha vikombe ambavyo vilikuwa safi.

Niliyekuwa nakaa naye dawati moja mwaka ule alikuwa Kendi, Mmeru, mama yake alikuwa na duka la nafaka karibu na soko. Tangu Jumatatu ile sweta yake ilikuwa kiunoni mwangu kuliko ilivyokuwa mabegani mwake. Mwezi uliofuata damu ikaja vilevile, ikakaa zaidi, na Kendi akaanza kunichunguza kwa pembe ya jicho. Siku moja tukiwa foleni ya mfereji akaniambia, "Hodan, pedi moja haikumalizii kipindi kimoja cha masomo. Hiyo si kawaida. Nilimuuliza mama."

"Ulimtajia jina langu?"

"Nilisema ni mtu. Akaniuliza kama huyo mtu ni mimi, akaniangalia tumbo kwanza." Akacheka, mimi sikucheka. "Enda hospitali bwana. Danganya unaumwa kichwa, ukishaingia ndani useme ukweli."

"Usimwambie mtu mwingine, Kendi."

"Nimwambie nani? Nikikutangaza wataniuliza mimi nilijuaje, na sweta ni yangu."

Hospitali ndiyo niliyokuwa naiogopa. Kwenye barabara yetu kulikuwa na msichana, simtaji jina, alikuwa mbele yangu madarasa mawili. Mwaka mmoja kabla, alitokwa na damu nyingi shuleni, akabebwa hospitali, na kabla hajarudi nyumbani maneno yalikuwa yamefika. Niliyasikia jikoni kwetu mwenyewe, wanawake wamekaa wanakunja sambusa, mimi nakatakata vitunguu kwenye kona. "Wanasema ni malaria." "Malaria gani inatoka chini?" "Astaghfirullah, funga mdomo, kuna mtoto hapa." "Mtoto gani, huyu si mkubwa? Wacha asikie. Msichana hajaolewa na anavuja damu kama mtu aliyejifungua, wewe unadhani ametoa nini?" Msichana yule alipelekwa kwa jamaa zao Korbesa, mbali, upande wa Merti, na sare yake ya shule nikaiona baadaye imevaliwa na mdogo wake. Hakuna aliyewahi kusema kama alikuwa na mimba au hakuwa nayo. Hiyo haikuwa muhimu tena. Kwa hiyo nilipojiona chooni na lile bonge, sikuogopa kufa peke yake. Niliogopa kufa, na nikikosa kufa, niliogopa Korbesa.

Nilimwambia Hooyo, mama yangu, nusu. Nilisema tumbo linauma. Hooyo ni mtu mpole, anayeongea kana kwamba ukutani kuna mtu amelala. Alinipikia chai ya tangawizi, akanipa chupa ya maji moto niiweke kitovuni, akasema, "Ni baridi hiyo. Unatembea miguu mitupu sana. Sisi wote wa nyumba hii tunaumwa, mwanangu. Ukiolewa ukazaa itapungua." Nilikuwa na miaka kumi na tano. Nikahesabu moyoni ndoa na uzazi kama dawa niliyoandikiwa, nikaona iko mbali sana. Usiku nilikuwa natandika mfuko wa nailoni wa unga chini ya shuka, halafu leso kuukuu juu yake, na nalala bila kugeuka.

Halafu Ramadhani ikaingia, na damu ilikuwa imetangulia kwa siku mbili. Mtu asiyefunga Ramadhani na watu wetu pengine hajui jambo hili. Mwanamke akiwa na hedhi hafungi wala haswali, tena ameharamishiwa, lakini pia haonekani akila. Nyumbani kwetu tulikuwa na stoo nyuma ya jiko, chumba cha magunia ya mchele na madumu ya mafuta, hakina dirisha. Msichana aliye kwenye siku zake anaingia humo asubuhi, mama anampitishia anjera, ule mkate wetu mwembamba wa kumimina, na kikombe cha chai, anakula gizani huku ameushika mlango kwa mguu. Unajifunza kutafuna bila sauti. Unajifunza kuweka kikombe juu ya gunia, si sakafuni, kisilie. Na bado ndugu zangu walikuwa wanajua. Liban, kaka yangu anayenifuata kwa juu, alikuwa anapita pale akisema kwa sauti, "Hooyo, stoo kuna panya leo, namsikia." Hooyo alikuwa anamrushia mwiko. Mimi nilikuwa nabaki na tonge mdomoni, silitemi, silimezi.

Wiki ikapita. Asubuhi moja Hooyo akaniinamia nikiwa naosha sufuria, akauliza kwa mnong'ono, "Umeoga?" Kila msichana wa Kiislamu analijua swali hilo. Huulizwi kama umejimwagia maji. Unaulizwa kama damu imekatika na umeoga lile josho la kujitwaharisha, ili urudi kwenye saumu na sala. Damu haikuwa imekatika. Ilikuwa imeongezeka. Lakini ningesema bado, angeuliza kwa nini, na siku inayofuata angeuliza tena, na mwisho angemuuliza mwenzake. Liban angehesabu siku za panya. Nikasema, "Nimeoga."

Neno hilo moja lilinipeleka nilikofika. Nikaamka daku na wenzangu, nikala mbele yao, nikanuia mdomoni peke yake. Mchana kutwa sikula wala sikunywa, kwenye jua la Isiolo, nikivuja damu mpaka masikio yakawa yanavuma. Nilikuwa nikipanda ngazi za shule moyo unapiga kama nimekimbizwa. Kucha zilikuwa nyeupe. Nilitamani kula vitu vya ajabu: chaki, vumbi la ukuta baada ya maji kumwagika, barafu. Lakini hofu kubwa haikuwa ya mwili. Madrasa tulifundishwa kwamba mwenye hedhi akifunga, saumu yake haikubaliwi, na akiswali anatenda dhambi. Mimi nilikuwa nafanya yote mawili, saumu kila siku na sala mara tano. Nilikuwa nasimama kwenye safu na Hooyo na dada zangu, nainama wakiinama, nasujudu wakisujudu, na kimoyomoyo namwambia Mungu: hii si sala, nimesimama tu, usiniandikie. Kisha usiku damu ikizidi nikawa na hakika kwamba ameniandikia, na kwamba damu hii ndiyo jibu lake. Nilijaribu kutubu. Lakini utatubu vipi kitu ambacho lazima ukifanye tena alfajiri?

Kendi alinisikiliza siku nilipomweleza kwamba nafunga. Akasema, "Sasa nyinyi mnaruhusiwa kula na wewe umejinyima. Mimi Kwaresima nimeshindwa kuacha soda." Nilipoanza kulia akaniambia, "Pole. Mimi nasema tu kwa sababu naogopa." Hilo lilinitisha zaidi ya yote. Nilikuwa nadhani mwenye kuogopa ni mimi peke yangu.

Jumapili moja Ramadhani ilipovuka nusu, Eeddo Shukri alipita nyumbani kutukusanya wasichana kwenda darsa ya wanawake msikitini, ile ya baada ya adhuhuri. Na msikiti ndipo mahali ambapo mwenye hedhi hatakiwi kabisa kukaa. Nikasema kichwa kinauma. Eeddo akaniangalia juu mpaka chini. "Kichwa kinachoumwa na darsa nakijua. Vaa." Hakuna aliyekuwa anambishia. Nilivaa pedi mbili, kaptura ya michezo, dera jeusi na juu yake buibui, nikaenda nikiwa nimebana mapaja kama mtu anayebeba yai.

Chumba cha wanawake kiko juu, zulia la kijani, feni mbili na moja haizunguki. Ustadha alisoma, nikasikia sauti bila maneno. Alasiri ilipoadhiniwa tukapanga safu. Nilitaka kwenda mwisho kabisa, Eeddo akanivuta mkono akanisimamisha kando yake, upande wa ukuta, juu ya nusu ya msala wake mwenyewe, kwa sababu sikuwa nimebeba wangu. Nakumbuka rakaa ya kwanza. Ya pili nilipoinuka kutoka sijda sikuona ukuta. Niliona nukta nyingi nyeupe, nikafikiri, sasa imefika. Nikaanguka kwa ubavu, polepole, kama gunia linavyolala.

Nilipopata fahamu uso wangu ulikuwa chini ya kitu kizito chenye harufu ya uvumba. Ilikuwa garbasaar ya Eeddo, ule mtandio wake mkubwa, amenifunika wote. Sala ilikuwa bado inaendelea, nasikia imamu kwenye spika. Chini yangu palikuwa pamelowa. Niligusa kwa vidole na sikutaka kuvitazama. Eeddo alikuwa amepiga magoti, mdomo wake sikioni mwangu. "Usiinuke mpaka nikwambie. Wakienda sijda ndiyo tunatoka, hakuna atakayeona." Imamu akasema takbira, safu zote zikashuka, na Eeddo akaninyanyua kwa kwapa, kwa mkono wa pili akaukunja ule msala, damu ikabaki ndani, akaukwapua, tukatoka mlangoni wanawake wote paji la uso likiwa chini. Zulia lilibaki safi. Nililiangalia nilipogeuka, ni kitu pekee nilichoangalia.

Kwenye tuktuk nilikuwa nangoja aulize. Niliona duka la kwanza, la pili, nikaona kona ya kwetu inapita, nikajua hatuendi nyumbani. Alikuwa ameniketisha juu ya msala na macho yake yako barabarani. Hospitalini tuliketi kwenye benchi refu la ukumbini, na hapo ndipo alipouliza, bila kunigeukia.

"Kuna kijana?"

"Hakuna, Eeddo."

"Mtu mzima? Mwalimu? Mtu yeyote amekugusa, kwa kupenda au kwa nguvu?"

"Hakuna. Wallahi hakuna."

"Usiape, nimekusikia. Imeanza lini?"

"Kabla mwezi haujaandama."

Akageuka sasa. "Na saumu zote hizi ulikuwa unafunga? Na hiyo damu?"

Nikainamisha kichwa. Nilikuwa nangoja kofi. Nilimweleza kuhusu lile neno nimeoga, kuhusu stoo, kuhusu msichana wa Korbesa, na kwamba Mungu amenikasirikia. Nilieleza ovyoovyo, nikirudia. Eeddo alisikiliza huku akisugua goti lake. "Nyinyi mnafundishwa nini huko madrasa," akasema mwisho, "mnafundishwa kurasa za kuogopa tu? Damu ikivuka siku kumi na tano, hiyo si hedhi tena, ni damu ya ugonjwa. Mwenye nayo anajisafisha, anajifunga vizuri, anaswali zake, na akiwa dhaifu anakula kama mgonjwa yeyote. Watu waliandika haya zamani kabla babu zako, waliobeba bunduki za Mzungu, hawajaletwa Isiolo. Na wewe umekaa stoo unakufa kwa adabu."

Muuguzi aliniita, akanipa kikombe cha plastiki, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, mbele ya watu, "Mkojo, tuangalie mimba." Nilihisi benchi lote limegeuka. Ninataka niseme ukweli hapa. Nilijua sijawahi kuguswa na mtu. Nilijua vizuri namna mimba inavyopatikana, tulisoma. Lakini niliporudi na kile kikombe niliamini kile kijiti cha kupimia mimba kinaweza kusema uongo, na kwamba kikisema, watu watakiamini. Dakika zile za kungoja ndizo nilizoziogopa kuliko zote maishani mwangu mpaka leo. Eeddo alikuwa amesimama mlangoni, mikono nyuma, kama askari. Muuguzi akatoka. "Hana kitu." Eeddo akasema, "Mimi najua hana. Mwambie na yule mama aliyegeuza shingo, nisije nikamwambia mimi."

Daktari alikuwa mwanamke, mtu wa bara, si wa huku kwetu kaskazini, mchovu. Alivuta chini kope zangu, akatazama ndani, akatoa mlio mdogo kwa ulimi. Damu yangu ilikuwa chini sana. Akasema ingeshuka zaidi kidogo wangenilaza wakaniongeza. Wakanitundikia dripu. Magharibi ilitukuta pale, Eeddo akafungulia saumu kwa tende moja iliyokuwa ndani ya mkoba, na nyingine akaniingiza mdomoni mwenyewe. Daktari akaandika dawa tatu: za kuongeza damu, za kuizuia isitoke, na pakiti ndogo ya vidonge vilivyopangwa kwa siku. Akashusha sauti. "Mama, hivi nitakueleza. Ni vilevile ambavyo wanawake wanatumia kupanga uzazi. Kwake yeye ni dawa ya kutuliza hedhi. Kila siku, saa ileile, na chakula. Na asifunge."

Eeddo aliitazama ile pakiti kwa muda mrefu. Nilifikiri ataisukuma mezani. "Vitapunguza damu?"

"Vitapunguza. Na maumivu."

"Basi ni dawa," akasema Eeddo, akaitia kwenye mkoba.

Nyumbani Hooyo alilia aliposikia, si kwa sauti, alilia kama anavyoongea. Alipoiona pakiti akashika mdomo. "Shukri, msichana hajaolewa. Vidonge vya uzazi ndani ya nyumba? Mwezi mtukufu? Watu wakiona watasema nini?"

"Watu wataona jeneza pia. Watakula pilau halafu watasema." Kisha Eeddo akakaa chini, jambo ambalo hakuwa analifanya bila kukaribishwa, na sauti yake ikabadilika. "Mimi nilikuwa hivi hivi. Unakumbuka, ulikuwa bado bibi harusi katika nyumba hii. Nilinyamaza. Walinisomea maji, walinifunga hirizi, wakaniambia nikizaa itaisha. Waliponipeleka Nairobi kizazi kilitolewa chote. Usinifanye nimwone huyu naye." Mimi nilikuwa nimelala kwenye mkeka, nimefumba macho, wakidhani nimepitiwa na usingizi. Ndiyo mara ya pekee niliyowahi kumsikia Eeddo akiomba kitu. Kisha akavaa viatu akaenda kwake, na nyumba ikawa bila yeye, na mimi nikajua kwamba asubuhi hatakuwepo.

Asubuhi nilisubiri mpaka jua likapanda. Hooyo alikuwa amenitayarishia anjera mbili na chai, akaziweka stoo kama kawaida, juu ya gunia. Akaniambia kwa mnong'ono, "Kula haraka, ndugu zako hawajatoka." Niliingia. Nikasimama humo gizani na kile kidonge kiganjani, kidogo kama punje ya mtama. Mlango ulikuwa unangoja mguu wangu. Kisha nikakiweka kidonge juu ya anjera, nikabeba sahani kwa mkono mmoja na kikombe kwa mwingine, nikatoka, nikakaa kwenye kigoda uani, pale kila mtu anapopita. Hooyo aliacha kufagia.

Liban akatoka chumbani na funguo za pikipiki. Alisimama. "Hodan, unakula?"

"Nakula."

"Si ulikuwa unafunga jana?"

Sauti yangu ilitoka ndogo lakini ilitoka. "Nilikuwa nadanganya. Natokwa na damu tangu kabla ya Ramadhani, haikatiki. Ni ugonjwa. Daktari amenipa dawa, amesema nile."

Aliutazama mfereji kana kwamba ndio uliokuwa umeongea. Alifungua mdomo, akaufunga, akaambaa na ukuta mpaka langoni, na pikipiki ikakataa kuwaka mara mbili kabla haijaondoka. Nikameza kidonge. Nikala anjera ya kwanza, nikala ya pili, jua likinipiga usoni, nikageuka nikamwomba Hooyo nyingine.